Ligi Isiyokuwepo: Kanda ya Tano na Malezi ya Mpira wa Kikapu Afrika Mashariki

Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliifunga Angola 74 kwa 73. Kikapu cha ushindi alikitia Tylor Ongwae saa ya uwanjani ikielekea sifuri, na aliyesimama mbele ya benchi la Kenya alikuwa Liz Mills, kocha mwanamke kutoka Australia. Kutoka mechi zile za kufuzu Kenya ikaingia AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993, mwaka ilipoyaandaa mashindano hayo Nairobi na kumaliza ya nne. Wapenzi wa kikapu Afrika Mashariki wanaukumbuka mtupo ule, na wana haki ya kuukumbuka. Mimi huukumbuka pamoja na jambo jingine: mchezo ulichezwa Kamerun, na mtupaji alikuwa akilipwa na klabu ya Denmark.

Chombo kinachousimamia mchezo huu barani ni FIBA Afrika, kilichoanzishwa 1961, chenye makao Abidjan. Tofauti na CAF katika soka, FIBA Afrika haisimami peke yake. Tangu mageuzi ya 2014 ni ofisi ya FIBA yenyewe, shirikisho la dunia, na kalenda, kanuni na leseni za waamuzi hufuata mpango mmoja wa dunia. Chini yake bara limegawanywa kanda saba. Yetu ni ya Tano, na ramani yake inashangaza kidogo: inaanzia Dar es Salaam na Bujumbura, inapita Kigali, Kampala, Nairobi na Addis Ababa, na haikomi mpaka Cairo. Kongo, ambayo wachezaji wake hukutana na wetu kila siku ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, iko Kanda ya Nne.

Makala haya yanadai kwamba kanda hii imepangwa vizuri kwa kuchuja na vibaya kwa kulea. Kila inachokiandaa ni mashindano ya kukutana mji mmoja kwa siku chache: kufuzu kwa timu za taifa, kufuzu kwa vijana wa chini ya miaka 16 na 18, mchujo wa klabu. Mshindi anapatikana, tiketi inatolewa, wengine wanapanda ndege kurudi kwao. Sababu yake inaeleweka. Tangu Novemba 2017 FIBA ilipoanzisha utaratibu wa madirisha, yaani vipindi maalumu vya mechi za timu za taifa, timu za Ulaya huchezeana nyumbani na ugenini. Afrika, kwa jinsi bei ya tiketi za ndege ilivyo, kundi zima hukusanywa mahali pamoja. Bila uamuzi huo mashirikisho mengi yasingemaliza ratiba. Lakini umbo la dharura limegeuka kuwa desturi hata pale ambapo dharura haipo.

Chukua msichana wa miaka 15 anayecheza Upanga, Dar es Salaam. AfroBasket ya chini ya miaka 16 huja kila baada ya miaka miwili. Akibahatika kuitwa kambini, atacheza mechi chache za kanda ndani ya wiki moja, pengine akutane na Misri, afungwe kwa pointi nyingi, arudi. Raundi inayofuata ikifika, umri umempita. Kocha wake naye amejifunza nini, na mwamuzi kijana aliyepuliza filimbi mechi mbili? Stadi za kikapu huja kwa kurudia: kumkabili mpinzani uleule Novemba na kumkuta tena Machi akiwa amekusoma, nawe umemsoma. Wiki moja haitoi nafasi hiyo; ligi ya msimu mzima ingeitoa.

Wapo watakaonijibu kwa kuitaja Sudan Kusini, na hoja yao ni nzito. Shirikisho lake lilijiunga na FIBA mwaka 2013. Mwaka 2021 lilicheza AfroBasket yake ya kwanza, 2023 likashinda mechi tatu za Kombe la Dunia, na 2024 likaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 kwenye Olimpiki ya Paris. Yote hayo bila ukumbi wa ndani Juba. Je, ligi ina kazi gani basi? Jibu liko kwenye orodha ya wachezaji. Wengi walilelewa na ligi za Australia na vyuo vya Marekani, na nguvu iliyowaunganisha ni Luol Deng, rais wa shirikisho tangu 2019, aliyetoa hata fedha zake mwenyewe. Ngazi ya FIBA Afrika waliipanda kwa miguu iliyokomazwa kwingine. Mtanzania Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009, naye alifundishiwa Marekani. Siwezi kuita hilo mpango wa maendeleo wa kanda.

Hatua ya juu imeboreka sana. BAL, ligi ya klabu za Afrika iliyoanzishwa na NBA pamoja na FIBA, ilianza Kigali Mei 2021 kwa timu 12, na ukumbi ulioipokea, ambao leo ni BK Arena, umewapa vijana wa Rwanda kitu cha kukitazama. City Oilers wa Uganda wamefika huko; Nairobi City Thunder walifika 2025, klabu ya kwanza ya Kenya. Ila mchujo wa kuingia ni uleule wa kukutana na kuachana.

Ninachopendekeza ni ligi ya klabu inayosafiri kwa basi. Dar es Salaam hadi Nairobi kupitia Namanga ni kilomita 900 hivi. Nairobi hadi Kampala ni pungufu ya 700. Kampala hadi Kigali ni kama 500. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa. Hizi ni safari ambazo wafanyabiashara wetu huzimaliza kwa usiku mmoja. Misri ibaki kwenye mchujo wa bara, ambako klabu zake zina uzoefu na fedha. Ligi ya msimu isiisubiri.

Mipaka, hata hivyo, si barabara tu. Machi 2024, mjini Pretoria, Dynamo ya Burundi iliondolewa BAL baada ya kukataa kuvaa jezi yenye tangazo la utalii wa Rwanda. Ilishinda mchezo wa kwanza ikiwa imeliziba tangazo hilo, kisha ikapoteza miwili kwa kutokucheza, na kanuni ikafuata mkondo wake. Miezi miwili kabla, Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda. Waliolipa ni wachezaji waliofuzu kwa jasho lao. Chombo cha kanda hakina uwezo wa kufungua mpaka, lakini kinaweza kuandika mapema kwamba nafasi ya mdhamini ambaye ni serikali haimfungi mgeni, na kwamba mechi ya mahasimu itachezwa Dar es Salaam.

Ligi hiyo ningeianza na wanawake, kwa sababu klabu zao zina mechi chache zaidi na kiu kubwa zaidi. KPA ya Mombasa, klabu ya mamlaka ya bandari ya Kenya, ina ukumbi wake wa Makande. Timu ya Dar ikiondoka Alhamisi usiku, ikapitia Tanga na Horohoro, itacheza Makande Jumamosi, na Jumatatu wachezaji watakuwa kazini na madarasani. Wiki mbili baadaye KPA waje Upanga.