Kwa nini chanjo ya ndigana kali ina ndigana ndani yake

Ndugu mfugaji, wiki iliyopita mama mmoja hapa Tangini, mwenye mitamba wawili chotara, alinikatalia kuwachanja ndigana kali. Akaniuliza, "Bwana mifugo, yaani unampa ng'ombe wangu mzima ugonjwa, halafu unamchoma dawa ya kuutibu uleule? Si bora umwache?" Sikumlaumu. Jibu lake liliwachukua wataalamu karibu miaka 80, na habari yenyewe inaanzia kwa jirani yetu, Dar es Salaam.

Mwaka 1897 daktari Mjerumani Robert Koch alipima damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam akaona vimelea vidogo ndani ya chembe nyekundu. Alidhani ni ugonjwa uliokwisha kujulikana Marekani. Mwaka 1901 ng'ombe wa pwani ya Afrika Mashariki walipelekwa kwa meli hadi Beira, ugonjwa ukaingia Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, na ng'ombe wa huko wakafa kwa maelfu. Koch akaitwa mwaka 1903. Safari hii alitambua kuwa ni ugonjwa wa peke yake, akauita homa ya pwani ya Afrika. Pwani ndiyo sisi hawa!

Koch alishauri ng'ombe wachomwe mara kwa mara damu ya wale waliopona. Haikusaidia. Mwaka 1904 huko Afrika Kusini Charles Lounsbury alionyesha kuwa mwenezaji ni kupe wa kahawia, yule unayemkuta sikioni.

Damu ya Koch ilishindwa kwa sababu vimelea vilivyo kwenye chembe nyekundu vinamsubiri kupe, haviwezi kuanzisha ugonjwa kwa ng'ombe mwingine. Vinavyoua hutoka kwenye mate ya kupe na kuingia ndani ya chembe nyeupe, yaani askari wenyewe wa mwili. Chembe iliyoingiliwa huanza kuzaana ovyo kama saratani, na kimelea hugawanyika pamoja nayo. Ndiyo maana tezi ya chini ya sikio huvimba kabla ya mengine. Kinga inayoelea kwenye damu haiwezi kumfikia adui aliyejificha ndani ya askari.

Lakini chembe iliyoingiliwa hujitoa yenyewe. Huanika juu ya ngozi yake vipande vidogo vya kimelea, na askari wengine, wanaoitwa chembe T, huvitambua na kuiua chembe hiyo pamoja na mgeni wake. Mwaka 1994 watafiti wa Nairobi walithibitisha hili kwa ndama pacha wa kufanana kabisa: walichukua chembe T za pacha aliyekuwa na kinga wakampa mwenzake aliyeambukizwa, naye akapona. Ilibidi wawe pacha, kwa sababu chembe T husoma kipande cha kimelea pamoja na alama ya mwili wa ng'ombe wake.

Basi askari hawa hawajifunzi mpaka kimelea kizima kiingie kwenye chembe nyeupe. Huko Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970, wataalamu wa Afrika Mashariki walisaga kupe wenye vimelea, wakavigandisha, wakamchoma ng'ombe pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Dawa hupunguza kasi ya kimelea ili askari wapate muda wa kumjua. Walichanganya aina 3 za vimelea, kwani askari aliyezoea aina moja anaweza kuipita nyingine bila kuitambua.

Kwa hiyo sindano ni mbili, siku moja. Asitokee mtu akakuuzia moja tu kwa bei nafuu. Chanjo bila dawa ni kumuua ng'ombe wako. Asiyekuwa mzima asichanjwe. Na ukishachanja usiache kuogesha, maana ndigana baridi, mkojo mwekundu na maji moyo havimo kwenye chanjo hii.

Yule mama amesema atafikiri. Nilimwonyesha kupe 4 sikioni mwa mtamba mmoja. Ukitaka kuchanja, jiandikisheni pamoja na majirani, kwa sababu mrija ukishayeyushwa hautunziki tena, lazima dozi zake zote ziishe siku hiyohiyo.