Jicho na Hukumu

Msomaji, watu wengi hudhani kwamba kutambua kitu ni kazi ya jicho peke yake. Lakini baada ya jicho huja hukumu, na hukumu yaweza kupotoka hata jicho likiwa zima.

Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, askari wawili wa Marekani waliokuwa zamu kwenye rada ya Opana, katika kisiwa cha Oahu, waliona alama kubwa ya ndege nyingi, umbali wa maili 132 hivi. Wakapiga simu. Ofisa aliyepokea habari alikuwa akitazamia ndege za kwao kutoka California; akawaambia wasijali. Kabla ya saa moja kupita, ndege za Japani zilishambulia Pearl Harbor, na Wamarekani zaidi ya 2,400 wakafa. Jicho halikukosa, ilikosa hukumu.

Je, twaweza kuyapima mambo haya mawili mbalimbali? Tuseme walinzi wawili wameonyeshwa kila mmoja picha 100 zenye ndege na 100 zisizo na ndege. Wa kwanza alitambua ndege 90, lakini alipiga kelele bure mara 60. Wa pili alitambua 70, akapiga kelele bure mara 10 tu. Ukihesabu ndege peke yake, utamsifu wa kwanza. Ukihesabu na makosa yake, utaona kwamba wa pili ndiye mwenye hisi kali zaidi; yule mwingine ni mwepesi tu wa kusema ndiyo.

Mwaka 1954 Wilson Tanner na John Swets, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walieleza njia ya kupima hivyo, kwa kufuata elimu ya wahandisi wa rada. Kipimo kimoja ni cha ukali wa hisi. Cha pili ni cha mwelekeo wa hukumu, ambao hubadilika kwa hofu, kwa tamaa ya thawabu, au kwa yale tunayoyatazamia. Tangu miaka ya 1960 elimu hiyo imetumika pia kuwapima madaktari wasomao picha za eksirei, kwani daktari asemaye kila mtu ni mgonjwa hatamkosa mgonjwa hata mmoja.

Basi, msomaji, ukisikia mlinzi akisifiwa kwamba hakuna mwizi aliyempita, usishangilie upesi. Uliza kwanza: je, amewakamata wangapi wasio na hatia?