Tezi, Omo na Kibati

Kuna swali ambalo wenye boti ndogo za mashine wengi hulifikia siku moja. Boti ni ya faiba, urefu wa mita 5 hivi, na mashine moja imefungwa nyuma. Akiongeza mwendo, omo inanyanyuka mpaka anayeshika usukani haoni tena maji yaliyo mbele yake. Anaona mbingu na ncha ya boti. Pale mbele asipopaona huenda kuna muogeleaji, au mvuvi ndani ya mtumbwi. Mafuta yanakwenda bure, boti inajikokota huku tezi imezama. Fundi anamshauri afunge vibati viwili vya chuma cha pua kwenye ukuta wa nyuma, kimoja kila upande, vinavyopanda na kushuka kwa bawaba. Jina lake la kiwandani ni trimutabu. Afunge au asifunge?

Dukani hili ni swali la bei. Hapa nalichukua kama swali la historia, kwa sababu boti haikuzaliwa ikiwa imeinua omo. Uzito ule ulifika nyuma hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na mtu mwenye sababu nzuri.

Mabaharia wa tanga walilijua tatizo la uzito zamani sana, na Kiswahili kimehifadhi msamiati wake. Omo ni mbele ya chombo. Tezi ni nyuma. Ngama ni kule chini tumboni, maji yanakokusanyika na kuchotwa. Farumi ni uzito unaopakiwa ili chombo kikae sawa: mawe, mchanga, wakati mwingine shehena yenyewe. Methali inasema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tumezoea kuisikia kama onyo kwa msafiri anayesahau kwao, lakini isikilize pia kwa sikio la baharia: mtu aliyetembea chombo chote, mbele na nyuma, na kujua kila sehemu inabeba nini. Nahodha aliyeona tezi imelala alihamisha magunia. Upepo ukikilaza chombo upande, alihamisha watu. Katika mashindano ya majahazi kule Lamu mabaharia bado hutoka kabisa nje ya chombo, wakakaa juu ya ubao uliotokeza upande wa joshi, na kuzuia kwa miili yao tanga lisikilaze chombo. Hiyo ni farumi yenye macho. Inasogea kabla haijaambiwa.

Mashine zilipokuja, tatizo lilibadilika sura. Mtu aliyelieleza vizuri kuliko wengine ni William Froude, mhandisi Mwingereza. Mwaka 1867 alijaribu modeli mbili, akiziita Swan na Raven, katika mto Dart. Miaka michache baadaye, kwa fedha za jeshi la majini, alijenga birika refu la majaribio karibu na nyumba yake mjini Torquay. Alionyesha kwamba chombo kinapokwenda kinajitengenezea mawimbi, na kadiri kinavyokaza mwendo ndivyo wimbi linavyorefuka. Hufika mahali wimbi moja linakuwa na urefu sawa na chombo chenyewe: omo imekaa kwenye kilele, na tezi inakaribia kilele cha pili. Kwa boti yenye mita 5 majini, hali hiyo hufika kwenye mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa. Ukiongeza nguvu zaidi, kilele cha pili kinaachwa nyuma, tezi inatumbukia bondeni, na boti inaanza kupanda mlima ilioujenga yenyewe. Omo inayomziba macho mwenye boti yetu ni mlima huo.

Njia ya kutoka ni kuuvuka mlima na kuteleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Wazo hilo pia ni la zamani. Mwaka 1872 kasisi mmoja wa Playden, kijiji kilicho karibu na mji wa Rye, aitwaye Charles Meade Ramus, aliwaandikia wakuu wa jeshi la majini la Uingereza. Alipendekeza meli yenye tumbo la ngazi, bapa mbili zilizoinama moja nyuma ya nyingine, ili mwendo uinyanyue kutoka majini. Barua ikapelekwa kwa Froude, akatengeneza modeli, akapima, na jibu lake likawa hapana. Mashine za mvuke za wakati ule zilikuwa nzito mno kwa nguvu zilizotoa. Kasisi hakukosea kuhusu maji. Alitangulia mno. Mwaka 1912 boti ya mashine ya petroli iitwayo Maple Leaf IV, yenye ngazi kama hizo tumboni, ilitwaa kombe la Harmsworth, ikarudia tena 1913. Kilichokuwa kimebadilika ni uzito wa mashine.

Mashine nyepesi iliweza kukaa popote, nayo ikaenda nyuma. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyekuwa fundi mjini Milwaukee, Marekani, hakuwa wa kwanza kutengeneza mashine ya kuning'iniza nje ya mtumbwi, ila ndiye aliyeifanya iingie mikononi mwa watu wengi. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba alipiga makasia kwenye ziwa siku ya joto kumletea mchumba wake Bess aiskrimu, ikayeyuka kabla hajafika. Mashine aliyoanza kuiuza mwaka 1909 ilikuwa na nguvu za farasi 1.5 na uzito wa kilo 28 hivi. Kilo 28 kwenye ukuta wa nyuma ni kama mtoto mmoja wa shule aliyekaa tezini. Mtumbwi ulivumilia. Kuanzia hapo, wanunuzi walipotaka mwendo zaidi, uzito ulizidi kuongezwa palepale.

Kisha tumbo la boti nalo likabadilika. Mwaka 1958, kwenye maji ya Newport wakati wa mashindano ya America's Cup, muuza boti Dick Bertram aliona boti ndogo iliyobuniwa na Ray Hunt ikipita mawimbini bila kupigika kama nyingine. Tumbo lake lilikuwa na umbo la V kali kutoka omo hadi tezi, tofauti na boti za kasi za wakati huo zilizokuwa bapa upande wa nyuma. Bertram akaagiza kubwa zaidi, akaiita Moppie, na mwaka 1960 ikashinda mbio za Miami hadi Nassau katika bahari chafu. Umbo la V likaenea duniani. Bei yake huonekana siku ya kawaida: tumbo la namna hii linahitaji nguvu zaidi kunyanyuka, na likishanyanyuka linasimama kwenye ukingo mwembamba. Abiria mzito akikaa kulia, boti inainamia kulia. Upepo ukipiga ubavuni, nahodha anakata usukani kuukabili, na boti inalala upande huohuo wa upepo.

Hatua iliyofuata ilitoka ofisini. Mwaka 1996 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitoa kanuni za kupunguza moshi wa mashine za boti: haidrokaboni zilitakiwa kushuka kwa asilimia 75 kufikia 2006. Mashine ya kale ya mipigo miwili, ambayo hutema sehemu ya petroli bila kuichoma, isingeweza kutimiza hilo. Ile ya mipigo minne iliweza, lakini ina valvu, shafti na karteri ya oili, na mara nyingi ni nzito kuliko ya mipigo miwili yenye nguvu sawa. Pwani ya Afrika Mashariki mashine za mipigo miwili bado ni za kawaida, kwa hiyo mabadiliko haya kwetu hayajaisha. Yanafika boti moja baada ya nyingine. Mtu anachukua boti iliyochorwa kwa mashine ya zamani, anafunga mpya, safi na ya kunyamaza, halafu anashangaa tezi imezama. Mashine mpya ya nguvu za farasi 115 leo huwa na zaidi ya kilo 160. Yule mtoto wa shule wa Evinrude amekuwa watu wazima wawili wanene, na hawashuki.

Katika historia hii kibati ndicho cha mwisho kufika. Kinafanya kazi kwa njia rahisi. Ukikishusha, maji yanayopita chini ya boti yanakigonga na kusukuma tezi juu, na omo inashuka. Nguvu hiyo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana kipande kidogo cha chuma kinaweza kunyanyua watu. Ndiyo maana pia boti ikiwa nangani hakifanyi chochote. Mchanga wa farumi hufanya kazi hata wewe ukiwa umelala.

Udogo huu umewavutia watu wanaowaza mambo makubwa. Anton Flettner, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alijulikana kwa kuweka kibawa kidogo kwenye ukingo wa usukani mkubwa. Kibawa kikigeuka, mkondo unaugeuza usukani wenyewe. Baadaye Mmarekani Buckminster Fuller alikigeuza kipande hicho kuwa falsafa. Katika mahojiano na jarida la Playboy mwaka 1972 alitoa mfano wa meli Queen Mary: kibawa kidogo kinaugeuza usukani, usukani unaigeuza meli, na mtu mmoja mdogo anaweza kuigeuza jamii namna hiyo. Juu ya kaburi lake huko Cambridge, Massachusetts, kumeandikwa kwamba aitwe Trimtab.

Ni mfano mzuri, na ndio unaofanya vibati viuzike kwa urahisi. Lakini kibati cha boti yetu si kile cha Fuller. Hakigeuzi safari. Kinasahihisha mkao, na mkao mbaya ni matokeo ya maamuzi mengine. Kwa hiyo kabla ya kukifunga, mwenye boti afuate historia kinyumenyume, aulize kila hatua.

Aanze na farumi. Betri, tangi la mafuta, nanga na sanduku la barafu viko wapi? Katika boti nyingi ndogo vyote viko tezini, kwa sababu hapo ndipo waya na mipira ya mafuta ni mifupi. Kuvihamishia katikati kunagharimu jioni moja na waya mrefu zaidi. Aje kwenye mashine: je, imeinamishwa ipasavyo? Ukiivuta chini karibu na ukuta, msukumo wake wenyewe hushusha omo. Aitazame na rafadha, maana isiyofaa huifanya boti ikae juu ya ule mlima muda mrefu kuliko lazima. Boti zilizouzwa Marekani baada ya sheria ya usalama ya mwaka 1971, zenye urefu chini ya futi 20, hubandikwa kibao kinachotaja uzito wa juu kabisa. Kwenye boti ya mashine ya nje, uzito huo unajumuisha watu, mashine na mizigo. Mashine ikizidi, kibao hakijali kwamba ni mpya: watu wapungue. Kibati kinaweza kuifanya boti iliyozidiwa ionekane sawa ikiwa kasini, kisha ikisimama wimbi liingie kwa nyuma.

Kibati chenyewe nacho kina madhara. Skrubu zake hutoboa ukuta wa nyuma chini ya maji, na kuta nyingi zina mbao ndani ya faiba; tundu lisilozibwa vizuri huozesha mbao ambayo mashine inaitegemea. Kikisahauliwa chini wakati mawimbi yanatoka nyuma, omo hujichimba majini na tezi ikatupwa pembeni, na hivyo ndivyo boti hupinduka.

Hata hivyo, kuna kazi ambayo kibati tu ndicho kinachoweza kuifanya. Mashine ni moja na iko katikati. Inaweza kushusha omo, haiwezi kuinua ubavu. Vibati viwili vinavyoendeshwa kila kimoja peke yake vinaweza, na vinaweza kubadilishwa kila abiria wanapobadilika.

Na hapo ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa sababu njia mbadala ni kuhamisha watu. Asiye na kibati huwaambia abiria wawili watatu wasogee omo. Omo ndiyo sehemu inayorushwa zaidi boti ikienda kasi, na majeraha ya uti wa mgongo kwa abiria wa mbele yanajulikana vizuri katika boti za namna hii. Baharia wa Lamu aliye juu ya ubao ameuchagua ubao, anaujua, na anasoma upepo mwenyewe. Abiria aliyelipa nauli hakuchagua kuwa farumi. Hajui wimbi linakuja lini, na anayetumwa mbele huwa ni yule asiyeweza kukataa.

Kwa hiyo ningemjibu hivi mwenye boti. Kama kitakachokurudishia macho ni betri na tangi, hamisha betri na tangi, uache ukuta wako bila matundu. Kama umefanya hayo yote, uzito uko ndani ya kibao, na bado huoni mbele mpaka mama na mwanawe wakakae omo, funga vibati. Ununue vyenye upana wa inchi 1 kila upande kwa kila futi ya boti, kama kanuni ya mafundi inavyosema, uzibe kila tundu, na uvipandishe kabla ya kugeuza tezi kwenye mawimbi. Halafu mrudishe mama na mwanawe katikati ya boti.