Injini inayokosa moto mara kwa mara: Jinsi ya kutambua kiini cha hitilafu

WENYE magari makuukuu wanalijua tatizo hili vyema. Gari linatetemeka likisimama kwenye taa za trafiki, linakosa nguvu mlimani, linabadilishiwa plagi, linatulia kwa majuma mawili kisha linaanza upya.

Mafundi wa jua kali huiita hali hii kumisi. Maana yake ni kwamba silinda moja au zaidi haichomi mchanganyiko wa petroli na hewa inavyopasa, na zilizosalia hulazimika kuubeba mzigo wake.

Hasara yake si petroli inayopotea pekee. Petroli isiyochomeka huosha mafuta yanayolainisha kuta za silinda, na katika gari lenye kifaa cha kusafisha moshi, huenda kuchomekea humo na kukiunguza. Isitoshe, dereva anayejaribu kulipita lori katika barabara ya Nairobi kuelekea Mombasa kwa nguvu za silinda tatu anahatarisha maisha yake na ya wenzake.

Ili silinda ichome, sharti mambo matatu yakutane: cheche yenye nguvu kwa wakati wake, petroli na hewa kwa kipimo kinachofaa, na mgandamizo wa kutosha. Hitilafu itakuwa katika mojawapo ya hayo, na fundi stadi huitafuta kabla ya kumtuma mteja dukani kununua vipuri.

Ni silinda ipi?

Hatua ya kwanza ni kuing'amua silinda yenye kasoro. Injini ikiwa imezimwa, waya wa plagi moja hung'olewa na kuunganishwa na plagi ya akiba iliyogusishwa barabara kwenye chuma cha injini, kisha injini huwashwa. Mwendo wake ukidhoofika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, basi hiyo ndiyo inayokosa moto.

Waya usiachwe ukining'inia wala kushikwa kwa mkono injini ikiwaka, kwa kuwa hupitisha maelfu ya volti. Vilevile, jaribio hili lisichukue muda mrefu katika gari lenye kifaa cha kusafisha moshi.

Silinda ikishajulikana, plagi yake hubadilishana nafasi na ya silinda nzima. Kasoro ikihama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Isipohama, nyaya hujaribiwa kwa njia iyo hiyo. Ni vyema kutia alama kila waya kwanza, kwani injini nyingi za silinda nne huchoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na waya ukirejeshwa mahali pasipo pake huzua tatizo jipya. Kufikia hapa, mwenye gari hajatumia hata senti moja kwa vipuri.

Rangi ya plagi nayo hueleza mengi. Hudhurungi hafifu ni dalili ya afya. Masizi makavu meusi huonyesha kuwa petroli imezidi au cheche ni dhaifu. Weusi wenye unyevu wa mafuta huonyesha kuwa oili inapenya ndani ya silinda. Nao weupe huashiria hewa iliyozidi au joto kali.

Kwa nini hurudi?

Aghalabu tatizo hurudi kwa sababu kilichobadilishwa ni kilichoharibika, si kilichoharibu. Katika Toyota Corolla nyingi za miaka ya 1990, kwa mfano, mpira unaozuia oili juu ya matundu ya plagi hukauka kwa uzee. Oili huvuja na kulowesha vichwa vya nyaya. Nyaya mpya zikitiwa bila mpira huo kubadilishwa, zitaharibika vivyo hivyo.

Wakati ambapo hitilafu hutokea pia ni ushahidi. Ikitokea asubuhi za mvua, kifuniko cha distribyuta huenda kina ufa au nyaya zimechakaa. Gizani, boneti ikiwa wazi, cheche za buluu huonekana zikirukaruka. Ikianza injini ikishapata moto na kutoweka ikipoa, koili ishukiwe. Ikizidi gari likiwa limesimama na kupungua likienda kasi, pengine hewa inapenya kupitia mpira uliopasuka. Ikitokea mlimani tu, filta au pampu ya petroli ikaguliwe pamoja na nguvu za cheche.

Kadhalika, gari la kabureta lililorekebishwa Mombasa laweza kutoa masizi Nairobi, jiji lililo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa nayo huchomeka vibaya. Mnamo 2018, Serikali ya Kenya ilianzisha tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kukomesha uchanganyaji huo.

Cheche na petroli zikipatikana kuwa sawa, hubaki kupima mgandamizo. Silinda zote zafaa kukaribiana. Tofauti inayozidi asilimia 15 hivi yatia shaka. Kijiko cha oili humiminwa katika silinda dhaifu na kipimo kurudiwa. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Usipopanda, valvu au gasketi ndizo za kuchunguzwa. Silinda mbili jirani zikiwa dhaifu, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje, gasketi ya kichwa cha injini huenda imeungua, na gari halifai kuendeshwa zaidi.

Kabla ya kwenda gereji, mwenye gari anashauriwa kuandika tatizo hutokea lini, kwa mwendo gani, na ni vipuri vipi vilivyokwisha kubadilishwa. Fundi akipewa habari hizo huanzia karibu na kiini, na mteja huepuka kulipia tena kazi aliyokwisha kuilipia.