Santuri Iliyochanganya Miaka

Mwalimu anayefundisha ushairi huijua taabu ya diwani. Mashairi aliyoyatunga mtu kwa muda wa miaka ishirini hukusanywa, hupangwa kwa maudhui au kwa mapendeleo ya mhariri, na msomaji asipoonyeshwa tarehe hudhani kwamba yote yalitungwa kwa pumzi moja. Katika makala haya tumependa kulitazama jambo hilo hilo kwa upande wa muziki. Mfano tuliouchagua ni wa bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Queen, ambayo mwaka 1981 ilitoa mkusanyiko wa nyimbo zake zilizovuma, nao ukapewa jina la Greatest Hits.

Nchini Uingereza hakuna santuri iliyopata kuuzwa kuliko hiyo. Mwaka 2022 ilitangazwa kuwa ya kwanza kufikisha nakala 7,000,000 nchini humo. Ni dhahiri basi kwamba wako wengi walioijua bendi hii kwa mlango huo tu, nao wameijua kwa mpango usiofuata historia. Nyimbo ni 17, zote zikiwa za baina ya 1974 na 1980. Wa kwanza ni Bohemian Rhapsody wa 1975. Wa pili, Another One Bites the Dust, ni wa 1980. Msikilizaji amekwisha kuruka miaka mitano kabla hajamaliza kikombe chake cha chai. Na ule ulio mkongwe kuliko wote, Seven Seas of Rhye wa 1974, umewekwa wa 15, mara tu baada ya Flash, ambao ndio mpya kuliko wote. Santuri yao ya kwanza kabisa, ya mwaka 1973, haikupata hata wimbo mmoja. Hatuwalaumu waliopanga: wao walikuwa wakiuza, hawakuwa wakiandika historia. Lakini tukitaka kujua sauti ya bendi hii ilibadilikaje, hapana budi tuzipange nyimbo upya kwa miaka yake.

Jambo la kwanza litakalotudhihirikia ni gitaa. Brian May, mpiga gitaa wao, hakununua gitaa lake dukani. Alianza kuliunda pamoja na baba yake mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 16, na shingo yake waliichonga kutoka katika ubao mkongwe wa juu ya meko. Alipoingia studio alilirekodi gitaa hilo mara nyingi, sauti juu ya sauti, hata likasikika kama kundi zima la tarumbeta au la fidla. Wasikilizaji wengi walidhani ni sinthesaiza, yaani kile kinanda cha umeme kinachobuni sauti, na bendi ikaudhika. Ndiyo maana kwenye majalada ya santuri zao za miaka ya sabini waliandika wazi kwamba hakuna aliyepiga chombo hicho. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu lilikuwa kama kiapo, na viapo vina historia yake.

Walichokifanya kwa gitaa walikifanya pia kwa makoo yao. Sehemu ya katikati ya Bohemian Rhapsody, inayosikika kama kwaya ya opera, imeimbwa na watu watatu tu: Freddie Mercury, May, na mpiga ngoma Roger Taylor. Waliimba, wakarudi wakaimba juu ya walichokwisha kuimba, na kuendelea hivyo kwa majuma matatu hivi, hata utepe wa kurekodia, kama walivyosimulia wenyewe, ukachakaa kwa kupitishwa mno mashinani. Mwaka uliofuata, 1976, ufundi ule ule ulitumiwa katika Somebody to Love, lakini safari hii kwaya haikuwa ya opera. Ilikuwa ya makanisa ya Wamarekani weusi. Kwa maoni yetu wimbo huu wa pili ndio ulio bora, ingawa tunajua wako watakaotupinga.

Mwaka 1977 mambo yaligeuka. Bendi ilikwisha kutambua kwamba hadhira katika kumbi haikutaka kusikiliza tu. Ilitaka kuimba nayo. Basi May akatunga We Will Rock You, wimbo usio na ngoma wala besi. Mna vishindo vya miguu, makofi na sauti za watu, na gitaa halijitokezi ila mwishoni. Walioujenga mnara wa sauti mwaka 1975 waliubomoa wakabakiza msingi. Hata mtoto wa darasa la kwanza huweza kuupiga wimbo huo juu ya dawati, nasi tumewahi kuwasikia wakifanya hivyo bila kujua ulikotoka.

Baada ya hapo mabadiliko yalikwenda mbio. Mwaka 1979, mjini Munich, Mercury alitunga Crazy Little Thing Called Love kwa mtindo wa roki ya kale ya miaka ya hamsini, na katika kuurekodi May aliliweka kando gitaa lake la meko akapiga gitaa la kiwandani. Mwaka 1980 John Deacon, mpiga besi, mtu mkimya kuliko wenzake wote, alileta Another One Bites the Dust, akiwa amevutiwa na besi ya bendi ya Chic ya New York. Wimbo huo wa kuchezwa katika kumbi za dansi ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Na katika santuri hiyo hiyo ya 1980, iitwayo The Game, jalada liliungama kwamba sinthesaiza imetumika kwa mara ya kwanza. Kiapo kilikuwa kimevunjwa. Mkusanyiko ukatoka mwaka mmoja baadaye, ukayachanganya ya kabla na ya baada, na msikilizaji asiarifiwe lolote.

Tena mkusanyiko huo haukuwa mmoja. Nakala ya Marekani ilikuwa na Under Pressure, waliouimba pamoja na David Bowie. Ya Uingereza haikuwa nao. Kila nchi ilikumbushwa kile ilichokwisha kukipenda.

Wasomaji wetu watakuwa wanangoja tuitaje Zanzibar. Freddie Mercury alizaliwa huko tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mwana wa wazazi wa Kiparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, ambako alipiga piano katika bendi ya wanafunzi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa yote ilihamia Uingereza. Wapo wanaopenda kusema kwamba alichota sauti yake katika taarabu. Sisi hatuoni ushahidi wa dai hilo, wala Zanzibar haihitaji kuazima sifa ya namna hiyo. Opera, kwaya za makanisa, nyimbo za majukwaa ya London na roki ya Marekani: hivyo ndivyo visima vinavyosikika katika nyimbo zile 17.

Hata hivyo kuna chembe. Ndani ya Bohemian Rhapsody limo neno la Kiarabu ambalo watoto wengi wa Unguja hulitamka waanzapo kula. Na katika santuri ya 1978 iitwayo Jazz, wimbo wa kwanza kabisa ni Mustapha, uliotungwa na Mercury mwenyewe. Unaanza kwa sauti pekee isiyo na ala, inayopanda na kukatika kwa namna inayomkumbusha mtu muadhini, kisha yanafuata maneno ya Kiarabu yaliyochanganywa na Kiingereza na mengine ambayo, kwa kadiri ya masikio yetu, si ya lugha yoyote. Hapo ndipo mtu anapoweza kusema, pasipo kutia chumvi, kwamba sauti za mji aliozaliwa zinasikika kwa mbali. Kutoka katika santuri hiyo ya Jazz nyimbo tatu zilichaguliwa kuingia katika mkusanyiko wa 1981: Fat Bottomed Girls, Bicycle Race na Don't Stop Me Now. Mustapha haukuchaguliwa.