Zuio la malipo

Zuio la malipo ni fedha ambazo benki huzitenga katika akaunti ya mnunuzi wa mtandaoni kabla muuzaji hajazichukua. Salio la akaunti hubaki lilelile, ila salio linaloweza kutumika hupungua. Kwa mfano, mkulima wa mwani wa Mlingotini, kusini mwa mji wa Bagamoyo, ana shilingi 200,000 benki. Akiagiza kamba za shilingi 80,000 kwa kadi, hubakiwa na 120,000 za kutumia, na muamala husomeka kuwa unasubiri.

Muuzaji akikamilisha oda, fedha hukatwa. Akiifuta, au muda ukipita, zuio huondoka, kwa kawaida baada ya siku kadhaa. Kurudia kulipa kwa haraka huweza kuzaa zuio la pili. Malipo ya M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, ni tofauti: kwa kawaida fedha hutoka papo hapo.

Nchini Tanzania, Benki Kuu husimamia malipo chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Mnunuzi atunze namba ya oda na ujumbe wa muamala, amwombe muuzaji aondoe zuio, na likigoma apeleke malalamiko kwenye benki yake.