Miti ya Uani, Kariakoo

Kila jua la Februari linapowaka husikika kauli ileile: Dar es Salaam ilikuwa bustani, Wajerumani wakaipanda, Waingereza wakaitunza, kisha wenyeji wakaifyeka. Nimeisikia kwa wazee wa baraza, nimeisikia pia kwa wasomi wa mipango miji. Nusu yake ya kwanza ina ukweli. Franz Stuhlmann alianzisha bustani ya mimea mwaka 1893, na barabara tunayoiita leo Samora ilibeba jina la miti ya akasia kwa Wajerumani na Waingereza pia. Ni hiyo nusu ya pili inayonifanya niandike.

Habari za Sultani Majid kujenga kando ya Mzizima miaka ya 1860, kifo chake mwaka 1870, na Wajerumani kuhamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, msomaji anazijua. Jambo la kuangalia ni mji waliouchora. Uligawanywa sehemu tatu, nazo watu wakazipa majina yao wenyewe: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Waingereza, waliouteka mji mwaka 1916, waliurithi mgawanyo huo, lakini kwa kuwa walitawala kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa hawakuweza kuandika ubaguzi wa rangi waziwazi. Sheria zao zikataja majengo: hapa nyumba za aina ya Kizungu, hapa za makazi na biashara, pale za wenyeji. Nyumba ikasimama mahali pa mtu.

Kati ya sehemu hizo waliweka ardhi tupu. Viwanja vya Gymkhana, vyenye gofu, vikaitenga Uzunguni. Mnazi Mmoja ikaitenga Uhindini na Kariakoo ya Uswahilini. Wanaousifu mji ule wa kijani huonyesha ramani na kusema: tazama mapafu ya mji. Lakini Mnazi Mmoja haikuwa tupu. Palikuwa na nyumba za watu. Zilibomolewa, na wenyewe wakasukumwa Kariakoo na Ilala, ndipo majani yakaota. Katika lugha ya serikali eneo hilo liliitwa ukanda usio wa upande wowote. Nami sioni hali hiyo ya kutokuwa na upande pale, naona mpaka.

Hoja iliyotolewa ilikuwa afya: malaria na mbu, na umbali ambao mbu anaweza kuruka. Malaria ilikuwa tatizo la kweli, na Robert Koch mwenyewe aliishi hapa mwaka 1897 hadi 1898 akichunguza maradhi. Hata hivyo hoja hiyo haisimami. Mpishi, yaya na boi walilala vyumba vya nyuma huko huko Uzunguni, hatua chache kutoka kitanda cha bwana, na hakuna aliyewapa ukanda wa majani wa kuwatenga. Mtu aliyeruhusiwa kupika chakula cha mzungu hangeweza kugeuka hatari kwa afya ya mzungu huyo pale tu alipotaka kupanga nyumba jirani.

Turudi kwenye kijani chenyewe, ng'ambo ya uwanja. Kariakoo ilipimwa kwa mistari iliyonyooka juu ya ardhi ambayo serikali ya Kijerumani iliinunua kwa Schoeller, mwenye shamba, muda mfupi kabla ya vita ya 1914. Jina lenyewe ni la vita: jengo la soko waliloliacha Wajerumani liligeuzwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps. Picha za zamani zinaonyesha vichwa vya minazi vikichomoza juu ya mapaa ya makuti na madebe. Na mitaa ikaitwa Mkunguni, Mchikichi.

Chanzo ambacho wapangamiji wetu hukipita haraka ni utafiti wa J. A. K. Leslie, afisa tawala aliyeuchunguza mji mwaka 1956 na 1957 na kuchapisha kitabu mwaka 1963. Ni mtu wa serikali ya kikoloni, na asomwe kwa tahadhari hiyo. Lakini aliingia ndani ya nyumba. Alikuta ile nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, kwa kawaida sita, na nyuma ua, jiko na choo. Mwenye nyumba akikaa chumba kimoja, vingine akipangisha. Ua huo ndio uliokuwa bustani ya Uswahilini. Hapo ndipo pa mpapai na mwarobaini, pa kuanikia nguo, kupika vitumbua vya kuuza alfajiri, kusuka nywele, na kumlaza maiti kabla ya mazishi. Kazi na maisha vilikuwa chini ya kivuli kimoja, na hakuna serikali iliyolipa mtunza bustani.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Sensa ya 1948 ilihesabu watu 69,227. Kibarua wa bandarini alitoka Kariakoo kwa miguu, akavuka Mnazi Mmoja, akapita Uhindini, akafika gatini kabla jua halijawa kali. Uwanja uliotengwa ili watu wasichangamane ukawa njia yao ya kila siku, halafu ukawa wa mikutano yao. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, kandokando yake, mtaa wa New Street, leo Lumumba.

Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alifungua soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu wetu Beda Amuli. Mapaa yake ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, yakikinga mvua na kuishusha kwenye hifadhi ya maji. Kwangu mimi Amuli ni miongoni mwa wachache walioelewa kwamba hapa kivuli na maji ni jambo moja.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa. Mistari ya Wajerumani bado inafuatwa Kariakoo. Kona za viwanja nyingi ziko palepale. Lakini ghorofa imejengwa kutoka ukuta wa mbele hadi ukuta wa nyuma, na pale palipokuwa na mpapai na jiko la vitumbua sasa pana stoo ya marobota ya nguo. Mama lishe amehamia barabarani na mwavuli wake.